Bwawa la Nyuma ya Jiko

Msimu wa mavuno, uwanja wa Bibi Ambia ulikosa hata pa kukanyaga. Mpunga ulikuwa umeanikwa mpaka mlangoni. Pale kijijini Shapladanga mpunga haukobolewi mbichi. Kwanza huchemshwa, kisha huanikwa, kisha wanawake huugeuza kwa miguu mpaka ukauke. Wanaume walikuwa wameondoka mapema, wako shambani wanakata mwingine.

Shefali, mke wa mwanawe mdogo, alikuwa jikoni akichochea moto chini ya sufuria kubwa. Mvuke ulimfunika uso. Bibi Ambia alikaa barazani akitwanga popoo za tambuu yake. Kazi yake ilikuwa moja tu, kumwangalia Tuktuki, binti wa Shefali. Mtoto huyo alikuwa amejua kutembea juzijuzi, na sasa hakutaka kukaa hata kidogo.

"Mama, unamwona?" Shefali aliuliza kutoka jikoni.

"Namwona, namwona. Yuko chini ya mfenesi."

Hakumwona. Tangu mvua za mwaka jana Bibi Ambia hakuwa amemwona mtu vizuri. Ukungu ulikuwa umemwingia machoni, na kila mwezi ulizidi. Hakumwambia mtu. Bibi asiyeona ana kazi gani nyumbani, kama si kulishwa na kushikwa mkono kwenda chooni? Kwa hiyo alitega masikio. Tuktuki alivaa njuga miguuni, kama watoto wote wa kijiji kile. Njuga zikilia karibu, mtoto yuko karibu. Zikilia mbali, bibi humwita. Hivyo ndivyo alivyolea wanawe wote, kama alivyofanya mama mkwe wake kabla yake.

Bwawa lilikuwa nyuma ya jiko. Kila nyumba ya Shapladanga ina bwawa, maana mvua zikija nchi yote hugeuka maji. Kila ukoo umeinua uwanja wake kwa udongo, na shimo ulikotoka udongo huo ndilo bwawa. Humo watu huoga, huosha vyombo, hufuga samaki na bata. Hakuna anayeliogopa. Utaogopaje kitu unachokwenda kuoshea kikombe?

Njuga zililia chini ya mfenesi. Zikalia kwenye rundo la majani makavu. Zikaja mpaka barazani, miguuni pa Bibi Ambia. Akacheka, akanyoosha mkono amshike mjukuu wake. Mkono ukagusa manyoya.

"Laili!" aliita. "Wewe Laili! Nani kamvalisha mbuzi njuga?"

Laili, binti wa mwanawe mkubwa Jobbar, alitoa kichwa dirishani. "Mimi, bibi. Zilikuwa zinambana Tuktuki. Si zimempendeza mbuzi?"

"Tuktuki yuko wapi?"

Shefali alikuwa ameshatoka jikoni. Alikimbia juu ya mpunga, ukatawanyika. Katikati ya magugu maji aliona kipande cha gauni jekundu. Aliingia bwawani na sari yake, maji yakamfika kifuani, akamtoa mtoto. Tuktuki alikuwa baridi na midomo yake imebadilika rangi. Hapumui.

Yowe lilipaa. Jobbar, aliyekuwa akipakua miganda pale njiani, alifika mbio. Akamshika mtoto miguu yote miwili ili amzungushe juu ya kichwa chake.

"Mzungushe! Maji yamtoke!" wanawake walilia. "Leteni chumvi tumfukie, imnyonye maji!"

"Kaka Jobbar, mteremshe!"

Alikuwa Josna, jirani wa ng'ambo ya mfereji. Josna alipata mafunzo ya afya ya kijiji, na siku zote alizungumza taratibu. Hakuna aliyewahi kumsikia akimpigia mwanamume kelele.

"Tunamtoa maji!" Jobbar alisema.

"Hafi kwa maji ya tumboni. Anakufa kwa kukosa pumzi, na wewe unaupoteza muda wake. Mlaze chini!"

Jobbar alishangaa mpaka akatii. Josna alimlaza mtoto chali kwenye udongo mgumu. Akaangalia kama kuna kitu mdomoni, akakiinua kidevu kidogo, akambana pua, akampulizia pumzi mdomoni. Kifua kidogo kikainuka. Akampulizia tena na tena. Kisha akaweka kiganja kimoja katikati ya kifua, akakibonyeza haraka haraka, akarudi kumpulizia. Bibi Ambia alisimama barazani ameshika nguzo. Aliona vivuli tu, na hakuna kivuli kilichosema neno.

Ndipo mtoto akakohoa. Akatapika, akalia.

"Amepona!" Jobbar alipiga kelele, machozi yakimtoka.

"Bado," alisema Josna. "Leta baiskeli ya mizigo, aende hospitali sasa hivi. Maji yakishaingia kifuani, mtoto anaweza kuzidiwa baadaye."

Tuktuki alilazwa, akapona, akarudishwa kesho yake. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Kuddus, mume wa Shefali, alikuwa na hofu, na hofu yake ilitoka kwa umbo la hasira. "Kazi yako humu ndani ni nini, kama huwezi kulinda mtoto mmoja?"

"Mpunga ulimnogea," alisema mke wa Jobbar, ambaye alikuwa mjamzito. "Mimi wangu nisingemwacha."

Shefali alimpakata Tuktuki, akainamisha kichwa. Alijua alimwachia nani mtoto. Lakini hakutaka kumnyooshea kidole mama wa mumewe mbele ya watu. Josna, aliyekuja kumjulia hali mgonjwa, alimtazama Shefali, kisha akamtazama Bibi Ambia.

Bibi Ambia alitema tambuu. Siku nzima tambuu ilikuwa chungu mdomoni mwake. Kunyamaza kungekuwa rahisi sana. Angebaki bibi wa nyumba, na Shefali angebaki mama mzembe.

"Mwacheni," alisema.

"Mama, usimtetee," alisema Kuddus.

"Nimesema mwacheni! Mtoto alikuwa na mimi. Na mimi sioni."

"Huoni nini, mama?" Jobbar aliuliza.

"Sikuoni wewe! Naona kivuli kinauliza maswali ya kipuuzi." Kisha akalia.

Shefali alisogea mpaka akakaa ubavuni pake. "Ungeniambia, mama."

"Nikishasema sioni, nikae wapi humu?"

"Hapahapa. Ungekaa hapahapa ulipo."

Josna alimsubiri bibi afute machozi. Kisha akauliza, "Nani jana alimsikia Tuktuki akipiga kelele majini?"

Walitazamana. Hakuna aliyesikia.

"Mtoto mdogo anazama kimya. Mdomo ukishajaa maji, haiti. Tena inatokea asubuhi kama ile, kazi zikiwa zimechachamaa, kila mtu akidhani mwenzake anaangalia. Bibi, ungekuwa na macho ya mwewe, ungegeuka mara moja tu kuchukua tambuu na mtoto angekuwa ameshafika. Njuga zinakuambia mtoto yuko wapi. Hazimzuii kwenda."

"Kwa hiyo tufanye nini?" aliuliza Kuddus.

"Zungushieni bwawa ua wa mianzi."

Jobbar akatikisa kichwa. "Ua? Bwawa hili ni letu sote ndugu. Tukiweka ua, mpaka sokoni watasema wana wa Ambia wamegombana, wamegawana mpaka maji!"

Kwa kweli wangesema. Pale Shapladanga ndugu wakikorofishana, kitu cha kwanza kuonekana uwanjani ni ua.

"Waache waseme," alisema Bibi Ambia. "Waseme tumegombana, kuliko waje kutuzikia mtoto. Weka ua, weka lango moja, sote tupite humo. Na wewe, mke wa Jobbar, huyo aliye tumboni naye atatembea."

Mke wa Jobbar alijishika tumbo. Asubuhi alionekana akimpa mumewe panga la kukatia mianzi.

Josna aliwafundisha na lingine. Kinamama wa nyumba hiyo na za jirani waliwaweka watoto wao pamoja katika baraza la Bibi Ambia kila asubuhi, kwa zamu za kuangalia. Aliye zamu hapiki, hachemshi mpunga, haendi kisimani. Jobbar alilizungushia baraza mianzi, akaliwekea mlango mfupi wenye komeo upande wa nje. Jioni moja Josna alileta mto wa kulalia, akawaonyesha wote jinsi ya kumpulizia mtoto pumzi. Jobbar alipuliza kama anawasha moto wa kuni mbichi, watoto wakavunjika mbavu.

"Taratibu, kaka," alisema Josna. "Pumzi ya shavuni tu. Kifua kikiinuka, inatosha."

Kuhusu macho, Josna alisema ukungu ule hutibika, na mavuno yakiisha atampeleka mwenyewe kwa daktari. Bibi Ambia alikubali. Hadi hapo, alikaa ndani ya baraza pamoja na watoto, akiwaimbia na kuwasimulia, na mwenye zamu akiwa kando yake.

Asubuhi moja zamu ilikuwa ya mke wa Jobbar. Tuktuki aliona bata wakielekea bwawani. Akausukuma mlango. Akautikisa. Akapiga teke. Mlango haukwenda popote. Akakaa chini, akafungua mdomo na kuangua kilio ambacho nadhani kilisikika mpaka ng'ambo ya mfereji.

"Bibi, nimfungulie?" Laili aliuliza. "Amekasirika kweli."

"Usimfungulie."

"Lakini analia sana!"

Bibi Ambia alisikiliza. Kilikuwa kilio kirefu, cha hasira, chenye pumzi tele. Alifuta macho yake kwa pindo la sari.

"Lia, mwanangu," alisema. "Lia mpaka uchoke. Mimi nakusikia."