Uso Nyuma ya Magauni

Kitu cha kwanza Jael alichokiona kwa yule kijana ni kwamba alifuta kioo cha kamera yake kwa ncha ya shati, akakitazama, akafuta tena, kama mama anayemfuta mtoto kamasi. Ndipo akasalimia.

"Sasa, mrembo. Mimi ni Jeremy. Nimekuja kupiga picha za tangazo la Anti Filister."

"Poa," Jael akajibu, akajificha nyuma ya magauni yaliyotundikwa kibandani.

Soko la Toi lilikuwa limefurika. Marobota mapya yalikuwa yamefunguliwa na ile harufu ya mitumba ilijaa kila mahali. Jeremy alivaa shati la buluu lililopauka kwenye kola. Jael alikuwa ndani ya sweta ya shangazi yake, imemfika karibu magotini.

Anti Filister alikuwa dada ya babake. Alimtoa Jael shuleni darasa la sita aje amlelee watoto. Watoto walikua, lakini Jael hakurudishwa. Sasa alishinda kibandani na kulala sakafuni nyumbani kwa anti, mtaani Makina. Hata simu yake ilikaa kwenye mkoba wa anti mpaka jioni.

Jeremy alirudi kesho yake, na keshokutwa yake, ati picha hazijatosha. Jioni ya tatu alipiga simu.

"Uko wapi?"

"Kwa mfereji. Sema haraka."

"Mbona unaongea kama simu umeiiba?"

Jael alicheka mpaka maji yakamwagika miguuni.

"Sikiza, mrembo. Dada yangu Phanice anashona nguo huku Kawangware. Anatafuta mtu wa kumsaidia, na chumba chake kina nafasi. Njoo. Na mimi nitakuwa karibu."

"Anti hawezi kukubali."

"Umemuuliza?"

Jael alifunga mfereji. Hakuwahi kumuuliza anti kitu chochote.

Jumamosi tangazo lilifika kwenye simu ya anti. Majirani wa soko walijazana. Kamera ilianzia mbali, juu ya mabati, ikateremka, ikapita juu ya magauni, ikasogea karibu, karibu zaidi, hadi kwa msichana aliyesimama katikati ya gauni jekundu na la manjano. Uso wake ulikuwa ukungu mtupu.

"Ai! Wamemficha uso kama mshukiwa kwa taarifa ya habari!" akasema Mama Hope, muuza viatu. "Jael, kwani umeiba nini?"

Kicheko kilizunguka. Jael naye alicheka, kisha akaenda kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Amenionea haya, alifikiri. Ameona sifai hata kwa picha.

Jeremy alipiga mara nne jioni hiyo, simu haikushikwa. Akaandika ujumbe mrefu. Jael, ambaye husoma polepole, aliufuta kabla ya kuufungua. Huko Kawangware, Jeremy aliona basi, msichana amekataa.

Phanice ndiye aliyemwambia, alipoiona ile video, akiwa na pini mdomoni, "Wewe umemfanya msichana wa watu mzimu. Hata mimi singeshika simu."

Jeremy akaitazama tena video. Akajishika kichwa.

Jumatatu asubuhi alisimama mbele ya kibanda, laptopu kifuani.

"Jael, makosa ni yangu. Hii mashine ni mzee, inakwama. Kwa hivyo picha yako niliipunguza kabla ya kuiingiza kwa programu ya kutengeneza video. Halafu nikaivuta kutoka udogo ule, ionekane kamera inasogea. Ikakuwa uji. Sasa nimeingiza ile kubwa yenyewe, nikaifinya humo ndani. Kamera ikisogea, picha inarudi tu ukubwa wake. Haichoki. Wacha uone."

"Weka tuone wote," Anti Filister akasema.

Mabati, magauni, karibu, karibu zaidi. Safari hii kila kitu kilibaki wazi: uzi wa gauni, kope za Jael, macho yake yanayotazama nje kama mtu aliyefungiwa. Hakuna aliyecheka.

"Wewe! Umeninunia kwa tangazo langu?" anti akafoka. "Kijana, rudisha ule ukungu. Huo uso utafukuza wateja."

Jeremy hakugusa kitu. "Aseme mwenye uso."

"Huyu? Huyu hana la kusema."

Mama Hope aliacha kupanga viatu. Jael alishika gauni lililokuwa karibu, akaliachilia, akatoka mbele, mahali ambapo wateja husimama. Sauti yake ilisikika hadi kibanda cha tatu.

"Sikununa, anti. Niliogopa atamaliza kupiga picha aende zake, na mimi nibaki hapa."