Mlango wa Leso

Kabibi alirudisha kikombe. Uji ulikuwa vile vile, haujapungua.

"Sitaki, mama."

Kila siku ya shule ilikuwa hivyo. Uji hanywi, hata maji hanywi. Akirudi jioni, anashika tumbo. Jumwa, mama yake, alimtazama, moyo ukampasuka. Msichana mkubwa akikataa uji asubuhi, mama mtu huwaza nini? Aliwaza mimba.

"Mimba ni ya nani?" akamuuliza.

Kabibi alilia tu. Jumwa akadhani kilio kile ndicho jibu.

Ulimi hauna mfupa. Jumwa alikwenda bombani kuteka maji, akamnong'oneza shoga yake. Kufika jioni, kijiji kizima kinajua. "Lisemwalo lipo," watu wakasema. Baya, baba mtu, naye akakata neno: "Shule imekwisha." Kabibi akavua sare, akaikunja, akaiweka kitandani kwa mama yake.

Haukupita muda, homa ikamwangusha. Jirani yao Fridah, mhudumu wa afya ya jamii, akawapeleka zahanati. Kabibi akapimwa.

"Mama Kabibi, mtoto hana mimba," Fridah alisema. "Ana ugonjwa wa njia ya mkojo. Hanywi maji, tena anabana mkojo. Kwa nini, Kabibi?"

Kabibi alijibu polepole. "Choo cha wasichana hakina mlango. Tulikuwa tukishikiana leso na rafiki yangu Nyevu. Mmoja akiingia, mwingine anatanda leso mlangoni kama pazia. Nyevu akaacha shule. Nikakosa wa kunishikia, na wavulana hupita pale pale. Nikaona heri nisinywe kitu."

Jumwa aliona haya. Alitamani ardhi impasukie.

"Mkojo haubanwi," Fridah akasema. "Mtoto anywe maji ya kutosha. Na wasichana wawe na choo chao, chenye mlango, komeo kwa ndani, na maji ya kunawa. Wakikosa hayo, huacha shule mmoja mmoja. Nasi huku twasema wana tabia mbaya."

Kwenye mkutano wa wazazi, Jumwa alisimama. "Mwanangu nilimsingizia. Kosa ni la choo, na choo ni chetu sote."

Wazazi walichanga mbao na bawaba. Baya mwenyewe alipigilia misumari. Milango ikasimama, na wasichana kadhaa waliokuwa wameacha shule wakarudi. Nyevu hakurudi. Alikuwa ameshaolewa.

Shule ilipofunguliwa, Jumwa alipika uji. Kabibi aliunywa wote.

"Komeo nimelijaribu mwenyewe, mwanangu. Linafunga vizuri."

"Ahsante, mama. Na pale bombani wanaponisema, nitapitaje?"

Jumwa alisimama mlangoni akilia, akimtazama Kabibi akizunguka kwa njia ndefu ya mashambani, asije akaonana na watu wa bombani.