Kidaraja cha Princesse

Kila asubuhi Julienne alisimama mlangoni kumsindikiza binti yake kwa macho. Princesse alikuwa na miaka kumi, na alitembea kwa gongo kwa sababu mguu wake mmoja ulikuwa dhaifu. Alipita kando ya gereji za mtaa wao wa Kisenyi, akavuka mtaro mkubwa kwa kidaraja cha mbao, akafika shuleni. Julienne hakugusa cherehani yake mpaka aone gongo limefika ng'ambo.

Jumatatu moja, Kasim fundi wa magari alimwonyesha tovuti ya ofisi ya mji kwenye simu. Mtaro ungejengwa upya. Kidaraja kingeondolewa. Wananchi waliombwa watoe maoni kabla ya Ijumaa jioni.

Bila kidaraja, Princesse angezunguka kwa barabara ya malori. Julienne aliingiwa na hofu, kisha akapandwa na hasira. Akaandika siku hiyo hiyo.

Tangu atoke Bukavu, Julienne alikuwa amejifunza jambo moja kuhusu ofisi: usipotaja namba ya faili ya ukimbizi, hakuna anayekusikiliza. Kwa hiyo alianza na namba ya faili yake na za watoto. Akaongeza majina na simu za majirani kumi na wanne, ili barua iwe nzito. Akamtaja injinia wa mtaro kwa jina na kumwita mwizi. Na kwa kuwa nafasi ilikuwa imebaki kwenye kisanduku cha maoni, akamalizia kwamba anashona magauni ya harusi, akapeleka.

Jumatano alifungua tovuti. Maoni ya watu wengine yalikuwapo. Yake hayakuwapo.

Alikimbia na simu kwa jirani yake Filda, mama wa Kiacholi aliyekuwa polisi kwa miaka mingi. Filda alikuwa amestaafu, lakini Kiswahili chake cha kambi ya polisi hakikustaafu.

"Wamenikatalia, Mama Filda! Sababu tuko wakimbizi."

"Ngoja kwanza, Mama Princesse. Wewe ulisoma sheria yao?"

"Sheria gani?"

"Hii hapa, chini ya kisanduku. Watu wote wanapita hapa kama hawana macho. Leta ile uliandika."

Julienne alileta daftari alimoandika kwanza. Filda alisoma, akacheka mpaka akafuta machozi.

"Magauni ya harusi! Kwa mambo ya mtaro!"

"Usinicheke, Mama Filda. Mtoto wangu atapita wapi?"

Filda akaacha kucheka. Akavuta kiti karibu.

"Sikia. Maoni yako haitoki mara moja. Kuna mtu wa ofisi anasoma kwanza. Matangazo ya biashara, hapana. Matusi, hapana. Huyu injinia, wewe uliona yeye anaiba?"

"Hapana. Nilikasirika tu."

"Basi usiseme mwizi. Kama mtu ameiba kweli, unapeleka kwa polisi na ushahidi. Hapa unaweza kusema mpango ni mbaya, hata kwa ukali. Hiyo wanakubali."

"Na namba za faili? Bila namba, nani atanisikia?"

"Hapo ndiyo mbaya kabisa. Ukurasa huu dunia yote inasoma. Mjanja atachukua namba ya watoto na simu ya majirani. Na wale majirani, uliwauliza?"

Julienne aliinamisha kichwa. Aliona haya kweli. Hakuwa ameuliza hata mmoja.

"Weka jina lako na simu yako kwa visanduku vyao. Wameandika kwamba simu haionekani kwa watu. Majirani, kila mtu aandike yake mwenyewe. Sasa, sema kile unajua wewe tu."

Walikaa pamoja mpaka chai ikapoa. Julienne aliandika:

"Watoto wengi huvuka mtaro kwa kidaraja hiki kwenda shule. Binti yangu hutembea kwa gongo. Njia nyingine ina malori na haina pa kupita kwa miguu. Ninapinga kuondolewa kwa kidaraja. Naomba kijengwe kingine chenye reli ya kushikilia."

Akapeleka. Simu ikaonyesha: "Maoni yako yanasubiri kusomwa." Alhamisi mchana yalitokea, kila neno mahali pake. Kufikia Ijumaa jioni, chini yake palikuwa na maoni ya majirani tisa.

Mwezi uliofuata, injinia alikuja mwenyewe na futi ya kupimia. Alimsimamisha Princesse kando ya mtaro.

"Binti, ukitembea na gongo unahitaji nafasi kiasi gani?"

Princesse alimwonyesha. Injinia akaandika kipimo. Filda akakohoa kwa makusudi. Julienne akaingia ndani haraka, akatoka na kiti na maji baridi.

"Karibu, baba. Pumzika kidogo," alisema, bila kuthubutu kumtazama usoni.

Kidaraja kipya ni cha zege, kina reli pande zote mbili. Juzi Zuleika muuza chapati alimjia Julienne, akitaka kuiandikia ofisi kuhusu taa ya barabarani.

"Andika namba ya kitambulisho changu kwanza," alisema Zuleika, akikitoa mkobani.

"Namba yako irudishe kwenye mkoba," Julienne alimjibu, akisogeza kiti. "Niambie, ni wapi hasa pana giza?"