Jibu la Nungunungu

Ofisi ya vitambulisho ilikuwa imefurika siku hiyo. Watu walibanana kwenye mabenchi, vikaratasi vya namba mkononi, na foleni yenyewe haisogei. Ukutani palikuwa na televisheni, na ndani ya televisheni yupo Nungu, yule nungunungu wa kitambaa anayewafundisha watoto kusoma na sayansi kila asubuhi. Watoto waliokuja na mama zao walitulia tuli wakimtazama.

"P ya popo," alisema Nungu kwa kisauti chake chembamba. "Popo ni ndege anayelala kichwa chini, miguu juu."

"Wanawapotosha watoto wa watu," akanung'unika kijana mmoja benchini. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi ikakubali, ila mikononi lilikuwa na vumbi la chaki. "Popo ananyonyesha. Ndege gani huyo ananyonyesha?"

"Hilo mlaumu mwandishi," dada aliyekaa pembeni yake akamwambia. "Nungu anasema anachoandikiwa."

"Kwani unamfahamu?"

"Namfahamu mpaka tumboni."

Alisema hivyo bila kutabasamu, na ilikuwa kweli tupu, maana mkono uliokuwa ndani ya Nungu ulikuwa wake, na kisauti kile pia. Kazini walimwita Mama Nungu. Alikuwa mrefu, mkavu wa maneno, gauni la kijivu na kilemba cha kijivu, na ukimtazama ungedhani ni karani wa ofisi ileile. Watoto wa mji mzima walimpenda na hakuna hata mmoja aliyeijua sura yake.

Yule kijana alikuwa mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi, na si mtu wa kulalamika akaishia hapo. Alikwenda akaandika barua ya kurasa tatu kwa kituo cha televisheni, akataja makosa kumi na moja. Wakubwa wa kituo, badala ya kununa, wakamwomba awe anakuja kila Jumamosi kupitia maandishi ya kipindi kabla hayajarekodiwa. Basi mambo kati yake na Mama Nungu yakaanzia hapo. Ilianza chai ya mapumziko, ikaja kusindikizana mpaka kituo cha basi, zikafuata simu za kila jioni.

Jambo moja Mama Nungu alimweleza mapema, asije akasema kadanganywa. Mama yake mzazi alifariki mwaka uliopita. Walimzika Alhamisi, na Jumamosi binti alikuwa studio, amepiga magoti nyuma ya meza, akirudia kicheko cha Nungu mara saba mpaka mwongozaji akaridhika. Tangu hapo alikuwa amekufa ganzi. Msibani hakulia, na baadaye hakulia. Chakula alikula, salamu aliitikia, lakini ndani kulikuwa kimya. Mwalimu alisikiliza yote, akasema yeye hana haraka. Na kila akipiga simu aliuliza swali lilelile.

"Leo umehisi nini, mpenzi?"

"Njaa kidogo."

"Si haba. Jana ilikuwa usingizi tu. Tunapanda darasa."

Akamtania hivyo miezi sita. Mama Nungu hakujua kama huko ndiko kupenda, ila simu ikichelewa alikuwa hakai kitako. Alizunguka chumbani akipanga vyombo vilivyokwisha kupangwa.

Jumamosi moja walimaliza kurekodi kipindi cha namna mbegu inavyoota. Taa kubwa zikazimwa, mafundi wakaanza kukunja nyaya. Mama Nungu alikuwa bado chini nyuma ya meza, Nungu mkononi, bega linawaka moto. Mwalimu akaja akasimama mbele ya meza. Kwa chini ya kitambaa cha meza Mama Nungu aliviona viatu vyake, vipya, vimepigwa rangi. Kwa sauti ya mtu aliyejizoeza njia nzima, Mwalimu akasema amekwisha kuzungumza na wazazi wake, nao wamefurahi, sasa kumebaki neno la Mama Nungu.

"Utakubali nikuoe?"

Mama Nungu alisikia vizuri. Na alitaka kukubali, hilo alilijua kama anavyojua jina lake. Lakini alipofungua mdomo hakikutoka kitu. Akatafuta furaha kifuani, hakuikuta, na woga ukamshika. Mkono ndio ulioinuka. Nungu akachomoza juu ya meza, akatikisa miiba yake, akapaza kisauti: "Ndiyo, ndiyo, ndiyo! Na nyinyi watoto semeni ndiyo!"

Mafundi walivunjika mbavu. Mwalimu naye akacheka kidogo, kisha akasubiri. Alikuwa anasubiri uso utokee nyuma ya meza, na uso haukutokea.

"Sikumuuliza huyo," akasema, akaondoka.

Simu za Mama Nungu hazikupokelewa. Jumamosi iliyofuata maandishi yaliletwa kwa bahasha, yamesahihishwa kwa wino mwekundu, mwenyewe hayupo. Ikapita wiki, ikapita mwezi. Mama Nungu akampigia dada yake mkubwa, akamsimulia mwanzo mpaka mwisho. Dada mtu hana maneno ya kubembeleza.

"Kwa hiyo ulimkataa."

"Dada, nilikubali."

"Nani alikubali?"

Dada akamwambia mtoto wa watu kafedheheshwa mbele ya mafundi, na kama anamtaka aende kwa miguu yake, mdoli amwache kabatini.

Jumatatu akapiga moyo konde, akaenda shuleni. Mwalimu alimwona mlangoni, akawapa wanafunzi kazi, akatoka barazani. Hakumkaribisha wala hakumfukuza. Alisimama tu, chaki mkononi. Mama Nungu akahisi kile kisauti chembamba kinapanda kooni, tayari kumsaidia, akakimeza. Sauti iliyotoka ilikuwa nzito, imekauka, na hata yeye ilimshangaza.

"Nimekuja kujibu. Ni ndiyo. Sina furaha ya kukuonyesha, nisikudanganye. Nahisi woga tu."

"Woga wa nini?"

"Kwamba umechoka kunisubiri."

Mwalimu akageukia dirisha la darasa. Darasani makelele yalikuwa yameanza kupanda.

"Nimebakiza nusu saa," akasema. "Kaa hapo unisubiri wewe."

Akaketi kwenye kibenchi cha watoto, magoti yamemfika kidevuni. Dirishani akasikia mtoto mmoja anauliza yule shangazi wa nje ni nani. Mwalimu akajibu:

"Ni mchumba wangu. Haya, tuendelee."

Ndipo kifua kikambana Mama Nungu. Machozi yakamwagika yenyewe, ya kumlilia Mwalimu na ya kumlilia mama aliyemzika, kwa pamoja, yakalowesha gauni la kijivu. Iliuma hasa, na Mama Nungu akaomba isiache kuuma.