Chumvi Nyuma ya Jikoni

Magharibi ile nilitoka nyumbani kununua chumvi. Si ya mboga. Nilitaka kilo tano, na makaa kidogo, nimalize kazi ya umeme ya nyumba yangu kabla giza halijaingia.

Husna, mwenye duka la kando ya barabara, alishika kijiko chake akanitazama.

"Fundi Jérémie, chumvi kilo tano? Unazika nini?"

"Nazika fimbo ya shaba."

Alicheka. Mimi sikucheka. Ilikuwa miezi mitatu sicheki wala silii, na nilikuwa nimeshazoea.

Mimi ni fundi umeme hapa Baraka. Mganga hajigangi: miaka yote niliwafungia watu umeme mzuri, kwangu zilining'inia taa mbili kwenye waya uliofungwa kwa kipande cha mfuko. Kampuni ya sola ilipofikisha nguzo mtaani kwetu, nikaanza kuitengeneza nyumba yangu hatua kwa hatua. Kwanza niling'oa waya za zamani. Kisha nikafunga kofre mpya ukutani, sanduku lenye disjonkta sita, vile vitufe vinavyojikata vyenyewe pakitokea hatari. Chini ya kila kimoja niliandika kwa kalamu: Saloni, Chumba, Jikoni, Friza, Nje. Chini ya cha sita nikaandika Mtoto.

Mke wangu Fanny alikuwa na mimba ya miezi sita. Alisimama nyuma yangu, akasoma, akacheka.

"Hajazaliwa, iko tayari na disjonkta yake!"

Haikuwa na waya. Chumba chenyewe kilikuwa bado matofali matupu.

Mtoto alizaliwa kimya. Siku hiyo nilikuwa Mboko, namfungia mtu sola, na mvua ikafunga barabara. Fanny alizalia nyumbani, mikononi mwa mama yake, Mama Georgette. Nilipofika kesho yake wanawake walikuwa wameshamaliza kila kitu. Katika ukoo wao, mtoto ambaye hakulia huzikwa na wanawake karibu na nyumba, na hawaonyeshi mahali, si kwa baba wala kwa mzazi aliyelala ndani. Mama Georgette akapanda mtumbwi akarudi kwake Ubwari. Mimi na yeye, kwa heshima ya ukwe, hata machoni hatutazamani. Ningemuuliza vipi?

Wanasema kuuliza si ujinga. Mimi sikuuliza hata kama alikuwa wa kiume au wa kike. Siku ya tatu nikarudi Mboko kumalizia kazi ya watu, na majirani wakanisifu eti huyo ndiye mwanaume.

Basi hatua ya tatu ilikuwa tere. Ndivyo tunavyouita waya wa ardhini. Unapigilia fimbo ya shaba chini, unaiunganisha na kila priz ya nyumba, kila tundu la kuchomekea, ili umeme ukipotea njia ukimbilie ardhini usiue mtu. Tere inapenda udongo wenye maji. Ukitaka ishike hata wakati wa kiangazi, unajaza chumvi na makaa shimoni. Kila fundi anajua hivyo.

Kwangu udongo wenye maji uko mahali pamoja tu: nyuma ya jikoni, chini ya mgomba, pale Fanny anapomwaga maji ya vyombo.

Nilichimba kidogo, nikaweka fimbo, nikapiga nyundo. Mara sita ilikataa kwa ukaidi. Mara ya saba ikazama yenyewe...

Laini.

Harufu ikapanda. Haikuwa ya kuoza. Ilikuwa harufu ya maziwa yaliyochacha kidogo, ile inayobaki kwenye nguo ya mama anayenyonyesha. Nilijua ni ajabu. Sikuogopa, maana sikuwa na kitu cha kuogopea tena. Nikamwaga chumvi yote, nikamwaga makaa, nikafukia, nikaingia ndani kuunganisha waya.

Taa zikawaka vizuri. Fanny alikuwa anapakua ugali. Ilikuwa imebaki robo saa kufika saa moja ya jioni.

Tak!

Disjonkta ya sita ilikuwa imejikata, kitufe kimeanguka.

Ile isiyo na waya.

Niliipandisha. Ikaanguka. Kesho yake, saa ileile, ikaanguka tena. Nikaitoa, nikaweka nyingine mpya.

Tak!

Jioni ya nne nilimkuta Fanny amechuchumaa saloni, sikio kwenye priz. Akaniwekea kidole mdomoni.

"Usiseme... Sikia."

Nikaweka sikio. Umeme una sauti yake, mmmm, haukatiki. Huu ulikatika. Ulivuta pumzi, ukanyamaza, ukaanza tena.

"Iko na njaa," Fanny akanong'ona.

Nikatazama kitenge chake. Kilikuwa kimelowa kifuani pande zote mbili. Maziwa yaliyokuwa yamekauka miezi mitatu yalikuwa yamerudi.

Kuanzia siku ile alilala palepale, ukutani, kifua wazi kuelekea priz. Aliacha kula. Kwa wiki mbili mifupa ya mabega ikatokeza na pete ikaanza kumvuka kidoleni. Lakini alikuwa anatabasamu. Alikuwa anaimba. Nilimwona mke wangu anakwisha mbele yangu, na nilifanya nini? Nilikwenda kazini. Nilirudi. Nikapandisha disjonkta.

Mama Georgette akaja na mtumbwi wa mchana. Alimwona binti yake, akashika kichwa. Akachukua maji ya vyombo kwenda kuyamwaga. Nikasikia beseni likianguka nyuma ya jikoni.

Akarudi, akasimama mlangoni akinipa mgongo, kama desturi inavyotaka.

"Mukwe. Nani alikuonyesha fasi ile?"

"Hakuna muntu, mama. Nilitafuta fasi iko na maji."

"Sisi bamama tulimulaza kwa maji, kusudi apate kulala. Tumbo ya Fanny isikauke. Mu shimo ulitia nini?"

"Chumvi. Na makaa."

Hapo akageuka. Miaka minane ya ndoa, ndiyo mara ya kwanza Mama Georgette kunitazama machoni. Nilitamani ardhi inimeze.

"Umemuamsha," akanong'ona. "Na umemupa njia ya kuingia mu kila chumba. Iko namunyonya Fanny. Atamumaliza."

"Mama, mi sikujua."

"Hukuuliza." Akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Kata ile waya leo, mbele ya giza. Ukikata, atalala. Fanny atapona."

Nilichukua koleo la kukatia waya. Nikaenda nyuma ya jikoni, nikapiga magoti chini ya mgomba, nikafukua mpaka shaba ikaonekana. Ndani Fanny alikuwa anaimba polepole. Jua lilikuwa limekwishazama. Nikaishika waya kwa mkono wa kushoto niivute, koleo mkono wa kulia.

Ndani kukasikika... tak.

Kitu kikanishika kidole.

Umeme naujua. Umenipiga mara nyingi. Unapiga, unatupa mtu. Huu haukunipiga. Kulikuwa na vidole vitano vidogo, vyenye joto, vimekizunguka kidole changu cha shahada. Vikakaza. Havikuvuta. Vilikaza tu, namna watoto wachanga wanavyoshika kitu bila kujua wameshika nini.

Nikalia. Miezi mitatu na nusu, nikalia nikiwa nimeuma kola ya shati ili nisisikike. Iliniuma kila mahali mwilini na sikutaka iishe.

"Mukwe!" Mama Georgette aliita kutoka uani. "Umekata?"

Nikafunika waya kwa udongo. Nikasawazisha kwa kiganja.

"Nimekata, mama."

Usiku ule niliifunga disjonkta ya sita kwa utepe isianguke mbele ya Mama Georgette. Alikaa siku mbili, akaona Fanny amekubali kula uji, akarudi Ubwari akimshukuru Mungu. Fanny alikuwa amenisikia nikidanganya. Mtumbwi ulipoondoka alinisogelea.

"Alikushika?"

"Alinishika."

"Ni mwanamuke," akasema. "Mama aliniambia siku ile. Mi nilimuita Constance."

Nikafuta neno Mtoto. Nikaandika Constance.

Ni mwezi sasa. Uji ule Fanny aliukubali siku mbili tu. Amebaki macho na tabasamu; akisimama anashika ukuta. Mkono wangu wa kushoto umekufa ganzi, kwanza kidole, halafu kiganja, leo kiwiko. Chumba cha mtoto nimekipiga lipu, na waya wa disjonkta ya sita nimeuvuta mpaka pale kitanda kidogo kitakapokaa.

Wiki hii mvua kubwa ilinyesha siku tatu mfululizo. Maji yalisimama nyuma ya jikoni, yakaosha chumvi yote shimoni. Jana jioni sauti kwenye priz ilikuwa ndogo sana, yenye usingizi. Disjonkta haikuanguka. Fanny akala ndizi nzima, akalala kitandani kwake. Nilimtazama akipumua. Nilijua ni kukaa tu, nisifanye kitu, mvua imalize kazi.

Nikaweka kidole kwenye waya. Nikangoja mpaka saa mbili. Hakuna aliyenishika.

Leo magharibi nilitoka nyumbani kununua chumvi. Kilo kumi. Husna aliipima taratibu, akautazama mkono wangu unaoning'inia, akafunga mfuko.

Mara hii hakuniuliza ninazika nini.