Mama Yangu Aliitwa Goliathi Hapa Makindye

Panga lilikuwa mkononi mwa Afande Ogwal, na mbele ya panga alikuwa amesimama mama yangu mzazi!

Ndugu msomaji, kaa chini kwanza. Haya si mambo ya kusoma umesimama.

Naitwa Dady. Nilirudi likizo kutoka shule ya bweni nikakuta jirani yetu Ogwal, mwanajeshi, amezungushia kiwanja chake mabati. Njia ya wateja wa mama ikabaki humo ndani. Sombe anayouza, kisamvu cha kwetu, imejaa sufuria, benchi tupu. Na sombe ndiyo inayotulisha.

"Amefanya hivi kwa nini?" nikauliza.

"Yeye hatupendi siye Wakongomani," mama akanong'ona. "Na muke yake, Concy... anatuchunguzaka dirishani. Ule mwanamuke ana kitu!"

Nikageuka. Pazia la Concy likatikisika...

Mama akafungua Yoshua sura ya sita.

"Mungu aliyeangusha Yeriko, atashindwa na mabati?"

Basi siku sita, kila asubuhi, tulizunguka ile nyumba mara moja bila kusema neno. Mama mbele, mimi nyuma na uso wa askofu. Siku ya saba, mizunguko saba, kisha makelele. Baragumu hatukuwa nalo. Mimi nilikuwa na vuvuzela.

Nikapuliza kwa imani yote.

Geti likafunguka kwa teke!

"Nyinyi watu!" Ogwal akanguruma, panga juu. "Kila siku munazunguka nyumba yangu, hamusemi kitu. Munapima pa kuruka?"

"Papa Ogwal, tunaomba Mungu!"

"Mungu gani anaitwa na vuvuzela?"

Concy akatokea nyuma yake, Biblia kifuani, midomo imekauka kwa kufunga.

"Mungu amenijibu," akasema. "Nilimwambia, wewe uliyempa Daudi ushindi, niangushie huyu Goliathi."

"Goliathi nani?" mama akauliza.

"Wewe!"

Jamani! Mama yangu akivaa viatu virefu anafika begani mwa Concy.

"Nilikuona na macho yangu," Concy akaendelea, "kabla ya hii mabati. Ulikuwa unamwaga dawa ya kuroga hapa kwa mlango yangu, ndiyo tukaziba njia!"

"Dawa? Ile ni mafuta ya upako! Nilikuwa nabariki njia, wateja wapite salama!"

Mama akaitoa chupa kwenye kitenge chake. Ogwal akanusa. Akanusa tena. Akashusha panga.

"Ni zeituni," akasema.

Concy akaichukua chupa, akaigeuzageuza.

"Pasta wetu pia ako nayo," akasema polepole. "Chupa ni hii hii."

Jioni hiyo Ogwal aling'oa mabati ya upande wa njia, kwa nyundo yake mwenyewe. Mama akawapelekea sahani ya sombe. Concy akashukuru sana, kisha akasubiri mama aonje kwanza. Akaleta chai. Mama akaiombea, macho wazi.

Wapendwa, Mungu wa Yoshua na Daudi hajastaafu, na adui zako anawaweza. Lakini ukipiga magoti, mwambie shida yako tu. Jina la adui mwachie alijaze mwenyewe, maana huenda mtu unayemshtaki yuko magotini ng'ambo ya ukuta, naye ameshatangulia kukutaja wewe.