Injini ya Marehemu Msellem

Alhamisi asubuhi maduka ya spea ya mtaa wa Wadi Kabir hayana adabu. Watu wanasukumana kwenye kaunta, simu zinalia, na kila muuzaji anajibu wateja watatu kwa lugha tatu. Ndimo alimoingia Muhsina binti Msellem, buibui lake limetariziwa zambarau mikononi, mtandio umekaa sawasawa, harufu yake ya udi ikipigana na ya grisi. Aliweka karatasi juu ya kaunta akaomba mipira ya kukalia injini, ya gari ya Kimarekani, Kamaro ya mwaka 1969. Silinda nane, alisema kwa Kiarabu cha mji ule, ile kubwa kabisa.

Muuzaji aliitazama karatasi, akamtazama yeye, akacheka. Nyuma, mwanamume aliyeshika bearingi mbili alimnong'oneza mwenzake kwa Kiswahili, "Huyu kaandikiwa na nduguye. Muulize injini iko wapi, atakuonesha buti ya nyuma."

Muhsina aligeuka taratibu. "Injini iko nyumbani Hail, bandani, chini ya shuka," alisema kwa Kiswahili cha Unguja. "Gari ina silinda sita, nataka kuitia nane. Na karatasi nimeiandika mwenyewe. Una jengine?"

Yule mwenzake, fundi wa Kikenya aitwaye Omondi, alicheka mpaka akaegemea rafu. "Boss, leo umepatikana," alisema.

"Sina jengine, dada," alijibu mwenye bearingi, masikio yamemwiva. "Nna msamaha wa kuomba tu. Jina langu Sleyum. Hapa mipira hiyo huipati hata ukihamia. Mie nnayo, gereji kwangu Darsait."

"Na nikija huko utanionesha buti?"

"Ntakuonesha kila kitu, ila ulimi wangu ntaufungia kabatini."

Sasa mtu atauliza, binti wa watu, mfamasia wa Ruwi, mikono yake ya kuhesabu vidonge, ana haja gani na injini? Haja aliirithi. Marehemu baba yake aliipenda Kamaro ile kuliko usingizi. Mwaka 1985 alinunua injini kubwa kwa Mmarekani aliyekuwa akirudi kwao, akaiweka bandani, na kila Ijumaa baada ya sala akaifuta vumbi na kuipaka mafuta, akisema mwaka huu nitaitia. Alisema hivyo kwa miaka kumi na minane. Alipougua aliiandika gari kwa jina la Muhsina, na baada ya maziko Muhsina akaweka nadhiri: injini ile itanguruma ndani ya gari ile kabla baba hajatimiza mwaka kaburini. Nadhiri yenyewe hakumwambia mtu wa nyumbani, na zaidi ya wote hakumwambia kaka yake, Hisham.

Gari na injini vilipakiwa lori hadi Darsait, nyumbani akisema vinakwenda kusafishwa tu. Kazi ilikuwa kubwa kuliko maneno. Injini nzito kiasi kile huiingizi tu ukaiambia kaa. Springi za mbele zilibadilishwa, rejeta ya kupozea injini ikatafutwa iliyo pana, mabano ya chini yakakatwa na kuchomelewa upya. Sleyum alifanya kazi mlango wa gereji ukiwa wazi na Omondi akiwa karibu, kama heshima inavyotaka. Muhsina alikaa kwenye kiti cha plastiki kila Alhamisi, akimpa spana kabla hajaiomba. Ilipofika wiki ya nne alikuwa keshampenda. Alipenda jinsi alivyoisikiliza mashine kabla ya kuigusa, na jinsi alivyomsikiliza yeye.

"Umekula?" Sleyum alikuwa akimuuliza kwenye simu, saa ya mapumziko ya mchana.

"Nimekula. Wewe je?"

"Nimekula grisi."

"Basi nawa kabla hujashika simu. Harufu yafika mpaka huku kwenye dawa."

"Hiyo harufu ndiyo mahari yangu, habibti. Anza kuizoea."

Mwezi wa tatu wa kazi injini ndogo ilitolewa na kubwa ikaingia, ikakaa. Zilibaki waya na bomba za moshi. Hapo Sleyum, aliyelelewa akaleleka, aliona haya kuendelea na mapenzi ya simuni. Akavaa kanzu nyeupe na kilemba cha samawati, akaenda kwa Hisham, ambaye tangu baba kufa ndiye walii wa Muhsina. Bila yeye hakuna ndoa.

Simu ililia saa tano asubuhi siku ya Jumamosi, duka la dawa limejaa.

"Nimetoka kwa kaka yako," alisema Sleyum, furaha na woga vimechanganyika sautini. "Kanikirimu kahawa. Posa haikatai."

"Alhamdulillahi," alinong'ona Muhsina.

"Ila ana sharti. Kumbe habari ya injini hukumwambia, Muhsina. Kaghadhibika. Anataka gari irejee kama alivyoiacha marehemu, na injini yake ile ndogo. Nikiirejesha, mke nimepata. Unasemaje, roho yangu? Nimkubalie?"

Mbele ya Muhsina alisimama mama aliyembeba mtoto mwenye kikohozi, mzee mwenye karatasi ya daktari, na nyuma yake mkubwa wake wa kazi ametega sikio. Alitaka kusema usithubutu. Alitaka kusema ningoje jioni. Alijua neno likitoka litatoka na kilio mbele ya watu, akalizuia, na simu ikakaa sikioni kimya.

"Nimekufahamu, habibti," alisema Sleyum kwa upole, akakata.

Alichofahamu ni nini, Muhsina hakujua. Alimpigia mara nne, simu haikupokelewa. Alipotoka kazini alasiri alichukua teksi moja kwa moja hadi Darsait. Pale mlangoni aliona injini kubwa imelazwa sakafuni juu ya magurudumu mawili ya zamani. Ndogo ilikuwa ikining'inia kwenye mnyororo, Sleyum akiishusha polepole ndani ya gari.

"Nani kakwambia uitoe?"

Sleyum aliufunga mnyororo. "Wewe."

"Mimi?"

"Nilikuuliza, ukanyamaza. Binti akiulizwa habari ya posa akanyamaza, basi karidhia. Hata kadhi hamuulizi mara ya pili."

"Ungeniuliza posa ningenyamaza na ingekuwa ndiyo. Umeniuliza habari ya baba yangu."

"Nimefanya kwa ajili yetu, Muhsina."

"Mmekaa wanaume wawili mkanywa kahawa. Yeye katoa dada, wewe umetoa injini, mkapeana mikono. Hiyo injini ulipewa uitie, hukupewa uigawe." Sauti yake ilikuwa ya chini, na ilimtisha Sleyum kuliko kelele. "Mtu ambaye leo anauza nadhiri yangu kwa kikombe cha kahawa, kesho atauza nini?"

Omondi alizima redio, akatoka nje asiwe shahidi.

"Usinipigie tena," alisema Muhsina, akaondoka.

Siku tatu zilipita hajala cha maana. Alikuwa na hasira, na alikuwa na hamu naye, na viwili hivyo havikai tumbo moja. Mama yake, Bi Mahbuba, alimsikiliza kisa chote huku akichambua mchele. "Hata mie ningedhani umeridhia," alisema mwisho. "Wewe ukikasirika hunyamaza, ukifurahi hunyamaza, ukiumwa na jino hunyamaza. Mtu atajuaje?"

Maneno yalimchoma kwa sababu yalikuwa kweli. Miezi yote ile hakumwambia kaka yake neno. Alimwogopa, akategemea injini ikishanguruma itamsemea. Jioni ya siku ile alivaa buibui akaenda kwa Hisham, nyumba ya tatu kutoka kwao.

Hisham, mtu wa wizarani, mpole wa sura na mgumu wa kauli, alimkaribisha barazani. Hakumpa nafasi ya kuanza.

"Fundi wako alikuja leo asubuhi," alisema. "Karejesha ahadi yake. Kasema alichoniahidi hakikuwa mali yake. Nikamwambia basi na mke hana. Kasema hilo analijua, na injini kubwa anairejesha garini hivyo hivyo, maana mwenye gari ndivyo atakavyo."

Muhsina alikaa kitako.

"Kwa nini hukunambia?" Hisham aliuliza.

"Nilikuogopa."

"Nilikuwa mtoto wa miaka sita, Muhsina. Mlio wa ile gari nausikia toka barabara kuu, nakimbia kufungua geti. Ndivyo nilivyokuwa najua baba karudi. Leo hayupo, na hata huo mlio wataka kuninyima."

Hilo hakulijua. Alimtazama kaka yake kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza, akamhurumia, lakini safari hii hakunyamaza.

"Mie nilikuwa namshikia kitambaa kila Ijumaa," alisema. "Nilimsikia akisema mwaka huu, mwaka huu. Alipokuwa hospitali aliniuliza kama bandani kunavuja. Hakuuliza gari, kaka, aliuliza injini." Machozi yalimtoka akayaacha. "Na Sleyum simwachi. Ukikataa nitangoja hata miaka, lakini kwa mwengine siendi."

Hisham aliinuka akaingia ndani, akamwacha barazani.

Njiani Muhsina alitoa simu. Iliita mara moja tu.

"Umerejesha ahadi," alisema.

"Nimerejesha."

"Na mke umemkosa."

"Nimemkosa. Lakini kumkosea ndiko kunakoniuma." Sleyum alivuta pumzi. "Nilifanya haraka, Muhsina. Nilikutaka mno hata nikasikia ninachokitaka."

"Na mie nilitaka unisome moyo kwa simu. Nisamehe." Alitembea hatua chache. "Itakuwa tayari lini?"

"Ijumaa. Njoo uitie moto mwenyewe. Funguo sizigusi."

Ijumaa baada ya sala Darsait ilikuwa imetulia, maduka yamefungwa. Muhsina alikuja na mama yake. Boneti ilikuwa wazi, na injini kubwa imejaa mle ndani hata mkono haupiti ubavuni. Omondi alikagua waya mara ya mwisho. "Sasa ni wewe na Mungu, madam," alisema. Muhsina aliingia, akasoma Bismillahi, akazungusha ufunguo. Injini ikakohoa, ikafa. Mara ya pili ikatoa moshi mweusi, ikafa. Sleyum alikaza kitu kwenye kabureta, jasho linamtiririka. Mara ya tatu ikashika. Sakafu ilitetemeka, makopo yakacheza kwenye rafu, na Bi Mahbuba akaziba masikio huku akilia.

Muhsina alipoinua uso alimwona Hisham mlangoni, na kanzu yake ya msikitini. Hakuna aliyejua amekuja saa ngapi. Alikuja mpaka kwenye gari, akaweka kiganja juu ya bodi, akakiacha pale muda mrefu. Sleyum alirudi nyuma hatua mbili.

"Sio mlio wa baba," alisema Hisham.

"Sio," alisema Muhsina. "Ni ule aliokuwa akiungoja."

Hisham alijifuta macho kwa ncha ya kilemba bila kujificha. "Ile ndogo ntaichukua mie," alisema. "Asiiguse mtu."

"Ni yako, kaka."

Muhsina alinyoosha mkono kuzima gari, Hisham akamzuia. Alimtazama Sleyum, akamtazama mama yao, kisha akainama kwenye dirisha la gari. "Huyu kakuposa. Mie walii wako nakuuliza mbele ya mama, mbele yake, na mbele ya bwana Omondi. Na safari hii ukininyamazia nahesabu umekataa."

Mtoto wa kike wa nyumba ile hakuwahi kujibu posa kwa mdomo wake mbele ya watu. Muhsina alihisi uso unamwaka moto. Sleyum alishika spana kwa mikono miwili kama mtu anayezama, macho yamemganda kwake.

"Namtaka," alisema Muhsina.

Hisham aliweka mkono sikioni. Injini ilikuwa ikinguruma, na huenda kweli hakusikia.

"Namtaka, kaka," Muhsina alisema tena, na hata jirani aliyekuwa akiosha gari nje alisikia.